Mwanga ndani ya panya: tupime kipande au mnyama mzima?

Washa tochi ya simu, ikandamize kwenye kidole, upande wa pili unaona wekundu tu. Bluu na kijani vimeishia humo humo, hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, imevinyonya, na hata huo wekundu umefika umesambaa hovyo, mfupa huuoni. Kwenye maabara za saratani ndo ishu nzima: panya anapandikizwa seli zenye lusiferasi, kile kimeng'enya kinachomfanya kimulimuli ang'ae, anawekwa kwenye boksi la giza na kamera inahesabu mwanga unaotoka. Sasa ukitoka hafifu, uvimbe ni mdogo au umejificha nyuma ya ini?

Ili kujibu lazima ujue kila tishu inapunguza mwanga kiasi gani, na kuna wanaosema kata kipande upime. Ini, msuli, mafuta, ngozi, kila kimoja slaisi nyembamba kati ya vioo viwili, piga leza, tufe jeupe kwa ndani linakusanya mwanga uliopita na uliorudi, halafu hesabu inatenganisha ulionyonywa na uliotawanywa. Hapo nawaunga mkono kabisa, manake ini linaua mwanga kwa sababu limejaa damu, mafuta yananyonya kidogo tu ila yanatawanya sana, na ukipima jumla hizo sababu mbili zinachanganyikana.

Lakini kipande kimeshakufa jamani. Damu imevuja, iliyobaki inapoteza oksijeni, na kwenye mwanga mwekundu wa nanomita 660 (nanomita ndo kipimo cha urefu wa wimbi, yaani rangi ya mwanga) hemoglobini isiyo na oksijeni inanyonya karibu mara kumi ya ile yenye oksijeni. Ukikitoa friza ndo kabisa, barafu imeshapasua seli.

Wa upande wa pili wanasema pima mnyama akiwa hai. Kwenye joto la mwili mwanga wa kimulimuli unasogea hadi karibu nanomita 612, pale pale hemoglobini inapoanza kulegea, kwa hiyo kadiri chanzo kilivyo ndani ndivyo mwanga unavyotoka mwekundu zaidi, na ukilinganisha rangi mbili unakisia kina. Safi sana, ila hiyo hesabu inadai ujue kwanza kila tishu inakula kiasi gani cha kila rangi, na hizo namba zinatoka wapi? Nyingi kwenye slaisi zile zile! Halafu panya hai anapumua, ana manyoya, na panya mweusi sio sawa na mweupe.

Mimi jedwali la slaisi nalikubali kwa kuchagua rangi ya kutumia, kwamba kati ya nanomita 650 na 950 ndo kuna nafuu, maana zaidi ya hapo maji nayo yanaanza kunyonya. Kusema uvimbe huu ni mara mbili ya ule, hapana. Kubeba kipimo cha ngozi moja kwenda nyingine kumeshatugusa na sisi binadamu: mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kilikosa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya weupe. Kwa hiyo mtu akinipa namba ya ini la panya bila kusema lilikuwa freshi au la friza, siichukui.