Sikio moja likigoma, matone ya nini?

Jamani mimi nimechoka na hivi vichupa vya matone. Mama yangu mdogo ana kikapu kizima juu ya friji, kila akienda kusema sikio la kushoto halisikii anarudi na kichupa kingine, mara nta, mara fangasi, mara "ni umri tu mama". Umri gani huo unaozeesha sikio la kushoto peke yake? La kulia lilizaliwa lini?

Simu anapokelea kulia, mezani anakugeuzia shavu, umeme ukikatika anatembea kashika ukuta kama mlevi, na mlio ndani ya sikio haunyamazi.

Kinachoniuma, kutofautisha nta na tatizo la neva hakuhitaji hela. Kuna kile kichuma cha kugonga kinachovuma, unakiweka katikati ya paji la uso unamuuliza mgonjwa sauti anaisikia upande gani. Kama ni nta, sauti inakimbilia sikio bovu. Ikikimbilia zima, basi shida iko ndani na hayo matone mnamwagilia bustani. Dakika moja! Hakuna aliyemgusa nacho mpaka akakutana na daktari wa masikio, pua na koo, Mungu ambariki, akampima usikivu vizuri, akaona masikio yamepishana sana, akaandika MRI, picha ya mashine ya sumaku, ile ya kuchomwa dawa mshipani. Kumbe kuna kauvimbe, shwanoma, yaani uvimbe wa ganda la neva, tena kako ndani ya sikio lenyewe, wakati nyingi zinaota kwenye neva nje ya hapo. Sio kansa.

Haya, MRI ni ghali, na wengi wenye sikio moja bovu wakipigwa picha hawakutwi na uvimbe, nakubali. Ila msimpe mtu CT scan ya bei rahisi ikitoka safi mkashangilia, vidogo hivi inavipita tu.

Sasa ukoo mzima unataka apelekwe India akatolewe. Kukatoa huko ndani mara nyingi kunaondoka na usikivu wote uliobaki, na hivi vitu vingi vinakua taratibu sana, vingine havikui kabisa, ndio maana daktari kasema kwanza wanaangalia, MRI nyingine baada ya miezi 6. Mjomba kawaka, eti hospitali gani inaona ugonjwa halafu haitibu. Shikamoo mjomba, kuangalia nako ni matibabu, na hiyo nauli ya India tuiweke ya MRI maana zitakuwa nyingi.