Saa ya Kutoka Kazini: Kati ya Tanga na Kampala

Watanzania tunaoishi Kampala tukikutana, hakosekani mmoja wa kusema kwamba Waganda hawajui kupumzika. Mimi hukataa. Wanajua sana, ila starehe zao zimepimwa kulingana na muda unaobaki baada ya kazi, na muda huo ni mfupi kuliko tuliouzoea nyumbani. Mchezo anaoupenda mtu, muziki anaousikiliza na filamu anazozitazama, kwa maoni yangu, huamuliwa kwa sehemu kubwa na saa anayotoka kazini.

Tanga, mtumishi wa serikali huingia ofisini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri, na baada ya sala watu wazima huwa wamekwisha kukaa barazani. Hapo ndipo bao linapopata nafasi yake. Lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, ambazo huzinamua, yaani huziingiza ubaoni, moja moja kabla ya kuingia kwenye mtaji, awamu ya kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Mafundi wawili wakikutana, watazamaji hubishana mpaka magharibi. Waganda nao wana mweso, wenye mashimo na kete za idadi hiyo hiyo, isipokuwa kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo. Hata hivyo, katika mitaa ninayopita siuoni mara nyingi. Ninachokiona kila kijiwe ni matatu, mchezo wa karata usio na uhusiano wowote na magari: kila mtu hupewa karata saba, karata ya mbili humlazimisha mwenzako kuokota, na saba ya aina iliyofunuliwa mwanzoni yaweza kuukata mchezo papo hapo. Dereva wa boda boda humaliza mkono mmoja kabla abiria hajafika, na akiitwa katikati hakuna aliyepata hasara kubwa.

Ninafanya kazi kwa wakala wa forodha upande wa Nakawa. Tunafungua saa 2 asubuhi, na saa 11 jioni ya kufunga ni ya kwenye karatasi tu. Baada ya hapo karani mwenzangu huenda kusimamia duka lake la vifaa vya simu, na dada wa mapokezi huwahi kuku wake, iwapo foleni ya barabara ya Jinja itamruhusu. Mwenye kazi moja tu huonekana mtu wa ajabu kidogo, na jitihada hiyo naistahi kwa dhati. Wanaocheza mchezo mrefu pale kwetu ni madereva wa malori wanaoleta mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia mpaka wa Mutukula. Wakisubiri nyaraka, hucheza drafti kwa vizibo vya soda, kwa Kiswahili kitupu na kelele nyingi, kwa sababu hakuna wanachoweza kufanya isipokuwa kusubiri.

Kwa upande wa filamu, nawaunga mkono Waganda moja kwa moja. Hapa filamu za nje husimuliwa kwa Kiganda na watu wanaoitwa VJ, kama VJ Junior na VJ Jingo, na baadhi ya wasomi huwakunjia uso wakidai kwamba wanaharibu kazi za watu. Mtu aliyeamka alfajiri hana nguvu za kusoma maandishi madogo usiku. Msimulizi humfanyia kazi hiyo, tena akatia na utani wa mitaa ya Kampala. Kule Wakaliga, mtaa wa Kampala, mwongozaji Isaac Nabwana ameifanya sauti ya VJ kuwa sehemu ya filamu zake mwenyewe. Sisi tuliokua tukimsikiliza Lufufu akitafsiri filamu kwa Kiswahili hatuna haki ya kushangaa.

Muziki ndio unaonitatiza. Kadongo kamu, gitaa na hadithi ndefu ya ndoa, kifo au fedha, ungepaswa kuwa umekufa katika mji wenye haraka namna hii, lakini bado unasikika kwenye takisi na kwenye gereji, kwa kuwa masikio hayana kazi wakati mikono inafanya kazi. Taarabu yetu ya Tanga, ile ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, humtaka mtu avae, akae na ainuke kwenda kutuza.

Najua nitaambiwa kwamba Kampala hailali na kwamba bendi ya Afrigo inapiga tangu mwaka 1975. Ni kweli, lakini hiyo ni starehe ya kupangiwa, wala si ya kila jioni. Mimi ningekubali mshahara upunguzwe ili ofisi ifungwe saa 9:30. Wenzangu nao wangekubali, na karani ameshaniambia kwamba muda huo angeutumia kufungua duka la pili.