Kanga wa Zambia na msiba wa kwetu

Watu wananiuliza kila siku mbona mie nasifu hizi sinema za polepole, hazina ngumi, hazina stori. Stori zipo bwana, tena nzito, ila zinapita chini kwa chini kama maneno ya nyumbani yanavyopita.

Chukua hii ya Zambia, On Becoming a Guinea Fowl, ya 2024, ya Rungano Nyoni, ilompa tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la sinema la Cannes, Ufaransa, kitengo cha Un Certain Regard. Shula anaendesha gari usiku anatoka kwenye pati, anamkuta mjomba wake Fred kalala barabarani, kafa. Halii wala hapigi kelele, na ukimuona anavomtazama yule maiti ushajua hapa pana neno. Basi unakuja msiba, na wallahi msiba ule kama wa mtaani kwetu, sebule imejaa mashangazi, wasichana jikoni hawapumziki, wanaume wameketi wanauliza chakula, na yule mjane, mtoto mdogo kabisa, ndie anaelaumiwa ati hakumtunza mume. Na mabinti wa ukoo wanajua mjomba kawafanyia nini utotoni. Na wakubwa nao wanajua.

Ndani yake mna kipindi cha watoto cha TV kinachoeleza habari za kanga, yule ndege, ndo huyo guinea fowl wa kwenye jina la sinema, kwamba akiona adui anapiga kelele wenzake wasalimike. Sasa mtu wa Unguja ukimtajia kanga akili yake inakwenda pawili, kwa ndege na kwa nguo, na wazee wanahadithia kuwa nguo ilipewa jina kwa yale madoa ya ndege. Na nguo yetu nayo inasema! Mwanamke ana lake moyoni na mtu fulani, hawezi kumwambia usoni, ananunua doti yenye jina la kumfaa anapita nayo mlangoni pake. Lakini la Shula hakuna jina la kanga linalolitosha, lile linataka mdomo. Hapo ndo hii sinema ilinikamata, kwa sababu sisi tunapenda kusema stara, stara, marehemu hasemwi, na mie naona stara iliwekwa kumfunika alodhulumiwa, siyo kumfunika alodhulumu. Nyoni hatoi hotuba hata moja, anatuonesha tu nani anapika na nani anakula.

Ya pili ni All We Imagine as Light ya Payal Kapadia, sinema ya kwanza ya Kihindi kuingia shindano kuu la Cannes baada ya miaka 30, ikachukua Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa pale, mwaka huohuo wa 2024. Prabha ni nesi Mumbai, mumewe yupo Ujerumani na hapigi tena simu. Siku moja inakuja sufuria ya umeme ya kupikia wali, mpya, imetengenezwa Ujerumani, bila barua. Usiku anakaa nayo chini anaikumbatia. Basi. Nyie mlokulia na mzazi yupo Maskat au Dubai, mnaoletewa vifurushi na yeye mwenyewe haji, niambieni kama hapo hamna stori.

Perfect Days ya Wim Wenders wengi wameipenda, Koji Yakusho kweli anaigiza vizuri yule msafisha vyoo na tuzo ya mwigizaji bora Cannes 2023 ilikuwa haki yake, ila vile vyoo vya Tokyo ni visafi mno kabla hata hajavisafisha. Mtu anaefanya kazi ile kweli mgongo unamuuma, mie huo mgongo sikuuona.

Sisi tumejaribu. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilifika tamasha la sinema la Toronto 2021 na picha zake ni nzuri sana, vichochoro vya Mji Mkongwe vile mpaka leo vimenikaa. Lakini ni ya zama za mkoloni. Nataka ya sasa, ya ndani ya fleti za Michenzani, mlango umefungwa, watu wanne na jambo moja.

Juzi nilimuwekea mama mkubwa ile ya Zambia kwenye kompyuta, nikawa namfasiria. Kimya mpaka karibu na mwisho, akanambia simamisha kidogo.

"Na mama yake huyu Shula, alikuwa anajua?"

Nikamjibu, anajua.

Akakaa muda mrefu anaitazama ile picha ilosimama, mkono shavuni. Kisha akasema, "Haya, washa."