Kiingereza cha mafundi wa ndege na mipaka yake

Fundi wa ndege aliye zamu ya usiku Nairobi au Dar es Salaam hafungui injini kwa kukumbuka tu. Mbele yake kuna mwongozo wa mtengenezaji, kwa Kiingereza, lugha ambayo kwake aghalabu si ya kwanza. Ndiyo sababu mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika ya ndege ya Ulaya yalidai miongozo inayosomeka. Mwaka 1986 zikatoka kanuni za Kiingereza kilichorahisishwa, ambazo leo zinaitwa ASD-STE100.

Ni kanuni kali. Sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20. Kama kuna sharti, litangulie kitendo, fundi asije akafungua vali kisha ndipo asome kwamba presha ilitakiwa ishushwe kwanza. Maneno madogo kama "the" hayaondolewi kwa kisingizio cha ufupi, maana bila hayo msomaji hukisia kipi ni nomino na kipi ni kitenzi. Hapo sarufi inafanya kazi halisi, si urembo.

Waandishi hunung'unika, na wakati mwingine wana haki. Neno "test" limeruhusiwa kama nomino tu, kwa hiyo badala ya "Test the system" unalazimika kuzunguka: fanya jaribio la mfumo. Sentensi inarefuka na haijaongeza kitu. Lakini hiyo ni kero ya mwandishi aliyekaa mezani, na mimi siipi uzito mkubwa.

Pingamizi zito liko kwingine: sentensi inaweza kuwa fupi, sahihi, na bado impotoshe mtu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwapa wagonjwa 395 lebo za dawa, mojawapo ikisema "Take two tablets by mouth twice daily", yaani meza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Maneno saba, sarufi haina dosari. Kati ya waliokuwa na uwezo mdogo wa kusoma, takriban asilimia 71 waliyaeleza maelekezo hayo kwa usahihi. Walipoambiwa waoneshe idadi ya vidonge vya siku nzima, waliopatia walikuwa kama asilimia 35. Hesabu ya mbili mara mbili ilikuwa imeachiwa mgonjwa. "Vidonge viwili asubuhi, vidonge viwili jioni" inayataja yote wazi, ingawa inarudia maneno.

Kwa hiyo kwenye karakana ya ndege ningezishika kanuni zile bila kusita: msomaji amesomea kazi, anajua kifaa, kinachoweza kumwangusha ni lugha. Mgonjwa au mnunuzi wa jiko la gesi hana msingi huo, na kumhesabia maneno hakutoshi. Maelekezo yake yapimwe kwa kumpa mtu asiyeijua kazi hiyo, aifanye mbele ya mwandishi, na mwandishi asiruhusiwe kufungua mdomo.