Urithi Wenye Mdomo

Mjomba alipofariki, wenzangu walirithi. Mmoja kiwanja, mmoja pikipiki. Mimi nikaletewa tundu limefunikwa leso. Eti marehemu alisema mwenye subira ni mimi. Mimi huyu ninayegombana na mita ya stima!

Na balaa lilianzia hapo kwenye mita. Tokeni zikikaribia kwisha hulia ti-ti-ti. Sultani, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu kama aliyekalia rangi mbichi, ameinasa ile sauti sawasawa. Mwezi wa kwanza nilinunua tokeni mara nne, nikimlaumu mke wangu na pasi yake. Hadi siku moja nimesimama mbele ya mita, yasoma yuniti 61, na ti-ti-ti yatoka nyuma yangu. Nikageuka. Akaniangalia kwa jicho moja, akasema kwa sauti ya mke wangu, "Haya, lipa sasa."

Nikajifanya mjanja: ikilia, sishtuki. Ijumaa iliyopita ikawa ni mita kweli. Pilau tumelila gizani, na samaki wa friji wakamalizwa na paka.

Chakula usiniulize. Mimi nala muhogo, yeye ataka korosho. Avokado ni sumu kwake, nashukuru, ndilo tunda pekee nisilogawana naye. Pilipili hutafuna kama karanga, maana ndege hausikii ukali wake, kisha huja kujipangusa mdomo shingoni mwangu nikiwa nimetoka kunyoa. Rimoti ya TV ameibakisha vitufe viwili: cha kuzima na cha kuongeza sauti.

Nikamuuze? Hawa wamelindwa. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa porini imepigwa marufuku, na hapa Kenya kumfuga lazima uwe na kibali. Sultani anacho, kina muhuri. Mimi, miaka 12 katika nyumba hii, sina hata risiti ya kodi ya mwezi jana.

Tena huweza kufika miaka 50. Huyu ana 19, mimi 46, piga hesabu mwenyewe. Nimewauliza watoto nani atamchukua, kila mmoja akamnyooshea kidole mwenzake.

Kila alfajiri, kabla ya adhana, hukohoa. Kikohozi cha mjomba, kile cha sigara, mara tatu, halafu "Yallah." Mama akija kulala kwetu humlilia ndugu yake upya. Sisi tumeshazoea. Lakini juzi nikasikia kikohozi kingine, kifupi, kikavu, kikafuatiwa na mtu kuvuta kamasi.

Nikamtikisa mke wangu. "We, huyu mgeni nani tena?"

Hata macho hakufungua.

"Wewe."