Mtumishi wa Simu ya Mezani

Mezani kwangu kuna taa nyekundu ambayo ilikaa miezi minane bila kuzimika, na katika miezi hiyo yote sikujua ilikuwa inataka nini. Ni taa ndogo, isiyozidi punje ya mtama, iliyokaa juu kabisa ya simu upande wa kulia, na kazi yake ni kunitazama. Nikiingia asubuhi ninaikuta inawaka, na nikirudi kutoka kunywa chai ninaikuta inawaka vilevile. Siku moja niliifunika kwa kipande cha karatasi nilichokibandika kwa gundi, lakini mwanga ukapenya, karatasi yenyewe ikawa nyekundu, na wageni wakaanza kuniuliza kama ile ni alama ya hatari.

Mimi ni mtumishi wa umma katika taasisi ambayo sitaitaja, kwa sababu bado ninauhitaji mshahara wake. Ofisi yetu iko Mtumba, kilomita zipatazo 17 kutoka katikati ya Jiji la Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huku ulipitishwa mwaka 1973, nilipokuwa bado ninabebwa mgongoni, na wengi wetu tulianza kufunga mizigo baada ya tangazo la mwaka 2016, maana yake ni kwamba Serikali ilijipa zaidi ya miaka 40 ya kujiandaa. Simu niliyoikuta mezani haina uvumilivu wa namna hiyo. Inaita mara sita, inapepesa kama mtu aliyeingiwa na mchanga machoni, na kabla sijaipata miwani yangu imekwisha kumpeleka mpigaji mahali nisipopajua.

Sitaki nionekane mtu wa kale anayechukia vitu vipya. Nilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1994, na simu ya ofisi ile ilikuwa ya kuzungusha, nyeusi, nzito kiasi cha kuzuia mafaili yasipeperushwe na feni. Haikuwa na taa hata moja, ila ilikuwa na kufuli. Bosi alilipachika kwenye tundu mojawapo la kisahani cha namba ili tusipige simu za mbali kwa gharama ya ofisi, nasi vijana tukagundua kwamba kisahani kile hakikuwa na siri yoyote, kwani kazi yake ilikuwa kukata na kuunga umeme wa laini harakaharaka, mara tatu kwa namba 3, mara kumi kwa sifuri. Basi tulikuwa tukikigonga kwa kidole kile kitufe kinachokaliwa na mkonga, tukihesabu kwa makini kama watu wanaosali, na mwishowe shangazi akapokea simu kule Tabora huku kufuli la bosi likining'inia palepale. Namba yenye sifuri nyingi ilichosha kidole, lakini simu ile niliielewa mpaka nikaweza kuiibia.

Tena haikujali umeme ukikatika, kwa kuwa ilipata volti zake 48 kutoka kwenye betri za kituo cha simu, kupitia waya uleule uliobeba mazungumzo. Hii ya sasa imechomekwa kwenye waya wa mtandao wa kompyuta, ambao unaipa sauti na umeme kwa pamoja, hivyo mtandao ukianguka simu nayo inakata roho, na huwezi kumpigia fundi wa TEHAMA kumwarifu kwamba simu yako haipigi. Inabidi upande ngazi mpaka ghorofa ya tatu, ukawakute wenzako wa vyumba vyote wamepanga foleni mlangoni pake kwa shida hiyohiyo. Niseme ukweli kwamba hapo mwanzo nimetia chumvi kidogo: katika saa hizo za mtandao kukatika, ile taa nyekundu ilikuwa inazimika, na nilikuwa ninafanya kazi vizuri sana.

Vitufe vya simu hii nimevihesabu, vipo 41. Ninavyovifahamu ni 12, yaani namba kumi, nyota, na ile alama ya reli ambayo kila Mtanzania anaijua kwa sababu ndiyo inayofunga hesabu anapotuma pesa. Kitabu cha maelekezo kilikuja ndani ya boksi, kimeandikwa kwa lugha nane, na Kiswahili si mojawapo. Juu ya kitufe cha 5 palikuwa na kinundu kidogo kilichonikera kila nilipokigusa. Ilikuwa Agosti, upepo wa Dodoma ulikuwa unavuma kutwa kucha na vumbi jekundu lilikuwa limeingia hata kwenye bakuli la sukari, nikajua huo ni uchafu ulioganda, nikachukua wembe nikaunyoa. Kijana wa TEHAMA alipoona kazi yangu alisimama kimya kwa muda, kisha akanieleza kwa upole kwamba kinundu kile huwekwa makusudi kiwandani ili mtu asiyeona, au anayepiga simu bila kutazama, ajue katikati ya namba ni wapi. Akaniuliza, "Mzee, na kwenye kompyuta yako umenyoa kitu?" Nikamjibu kwamba bado.

Jambo jingine ambalo halina hata taa ya kulionyesha ni mpangilio wa namba zenyewe. Mashine ya hesabu ina 7, 8 na 9 safu ya juu, ilhali simu ina 1, 2 na 3 juu. Wamarekani wa kampuni ya Bell waliwajaribu watu kwa mipangilio mingi kabla ya kuziuza simu za vitufe mwaka 1963, wakachagua huu, na inaelekea hawakumfikiria mhasibu wetu. Mhasibu wetu ana miaka 22 akibonyeza mashine ya hesabu bila kuitazama, na vidole vyake haviwezi kufundishwa upya. Namba ya ndani ya masijala ni 117. Yeye anapoibonyeza kwa mazoea ya mashine yake, 1 inageuka 7 na 7 inageuka 1, hivyo inatoka 771, ambayo kwa bahati yangu mbaya ni namba yangu. Kwa hiyo mimi ndiye masijala wa mhasibu. Mwanzoni nilikuwa nikimsahihisha, siku hizi ninamuuliza anataka faili gani, ninakwenda kulichukua mwenyewe, kwa kuwa ni njia fupi kuliko kumweleza habari za Wamarekani.

Sasa turudi kwenye rangi za taa, maana hapo ndipo simu hii inaponimaliza kabisa. Barabarani nyekundu ni simama na kijani ni nenda, na hata bibi yangu ambaye hakuwahi kupanda gari angekubali. Kwenye simu, kijani kikitulia mbele ya laini yako maana yake unaongea, lakini kijani kikitulia mbele ya jina la mwenzako maana yake haongei. Nyekundu mbele ya jina lake ni kwamba yuko kwenye simu, na ikipepesa ni kwamba anapigiwa na hajapokea, pengine kwa kuwa naye anatafuta miwani. Kwa utaratibu huo ofisi nzima inamchunga mkurugenzi. Kila mwenye hoja ya kusaini safari yake anakodolea macho taa ya bosi, na inapobadilika tu kutoka nyekundu kwenda kijani utasikia viti vinasukumwa vyumba vitatu kwa mpigo. Mimi mwenyewe niliwahi kuusahau mkonga ukiwa pembeni ya simu nilipokwenda kununua ubuyu wa watoto, taa yangu ikawa nyekundu kwenye meza zote kwa muda wa saa moja na nusu, na kwenye kikao cha Ijumaa nikasifiwa kwa kuhudumia wananchi.

Sifa hiyo haikudumu. Wiki iliyofuata tulikuwa na kikao cha simu na wenzetu waliobaki Dar es Salaam, na kiongozi wa kikao, mtu mzima ambaye ninamheshimu, alikuwa amesoma taarifa yake kwa dakika 50 bila kunywa maji. Kuna kitufe chenye picha ya kinasa sauti kilichokatwa na mstari, nacho kilikuwa kinawaka taa nyekundu. Mimi, kwa akili za redio, nikaona nyekundu maana yake niko hewani, nikakibonyeza ili izimike. Taa ilipozimika nikamgeukia jirani yangu nikamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba mzee huyu ataongea mpaka zabibu ziive. Kikapita kimya. Kisha sauti ikatoka Dar es Salaam, tulivu kabisa, ikauliza kama nilimaanisha zabibu za Machi au za Agosti, kwa kuwa amewahi kuishi Dodoma na anafahamu kwamba huku zinavunwa mara mbili kwa mwaka.

Baada ya aibu hiyo nilikwenda mwenyewe kwa kijana wa TEHAMA nikamwomba anisomeshe. Ndipo nilipojua kwamba taa nyekundu ya miezi minane ilikuwa inanijulisha kuwa nimeachiwa ujumbe wa sauti. "Bonyeza kitufe chenye bahasha, Mzee, weka namba yako ya siri, ambayo ni ileile 771, halafu malizia na reli." Ulikuwapo ujumbe 23. Nilifunga mlango, nikachukua kalamu na karatasi, nikajiandaa kuomba radhi kwa watu 23. Ujumbe 19 ulitoka kwa mhasibu, na wote ulianza kwa maneno "Masijala, habari za saa hizi," ukiomba mafaili ambayo kufikia siku hiyo yalikuwa yamekwisha kupelekwa, kusainiwa na kurudishwa. Mitatu ilikuwa kimya, na mtu akihema. Wa mwisho, ambao ndio uliotangulia kuingia, ulikuwa wa kijana huyuhuyu wa TEHAMA, akinikaribisha kwenye mfumo mpya na kunieleza jinsi ya kuizima taa nyekundu.

Ilizimika. Nilikaa na simu isiyo na taa kwa siku nne, nikaanza hata kuipenda.

Jumanne, mzee mmoja wa Ihumwa, kijiji jirani na hapa, alipiga simu kuuliza kama barua yake ya mpaka wa kiwanja imefika masijala. Aliangukia kwa mhasibu, na mhasibu akamhamishia masijala, yaani kwangu. Nikamwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," nikamwomba asubiri kidogo nimuunganishe. Kuhamisha simu, kama nilivyofundishwa, ni kubonyeza kitufe chenye mishale miwili, kisha 117, kisha mishale tena. Mimi nilibonyeza jirani yake, chenye vijiti viwili vilivyosimama. Taa ya laini ikawa kijani na kuanza kupepesa. Kijani nikajua ni salama, nikaurudisha mkonga mahali pake, nikaendelea kuandika dokezo langu.

Baada ya nusu saa hivi mlango ulifunguliwa na akaingia mzee mwenye koti na fimbo, vumbi la bodaboda limemjaa hadi kwenye kope. Alitusalimu chumba kizima kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akatusikiliza mmoja mmoja tunavyojibu, mpaka aliposikia sauti yangu.

"Ni wewe," alisema. "Ule muziki wenu, mwanangu, una kipande kimoja tu. Kinakwisha, kinaanza. Nikasema hawa wamenisahau, na si mbali, acha niende mwenyewe."

Nilimpa kiti, nikamwomba radhi, nikamtuma mhudumu akaifuate barua yake masijala kwa miguu. Nilipogeuka niliiona ile taa ya kijani, bado inapepesa.

"Mzee, ile simu ulikata?"

Alinishangaa. "Nitakataje, nawe umeniambia nisubiri? Nimemwachia mjukuu."

Nikanyanyua mkonga, nikabonyeza taa. Sauti ya mtoto ikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Babu yako amefika huku salama, sasa unaweza kukata simu."

"Babu amesema nisikate mpaka aongee mtu wa masijala. Wewe ni masijala?"

Kwa mtu ambaye amekuwa masijala wa mhasibu kwa miezi minane, swali hilo lilikuwa gumu, na nilichelewa kulijibu. Mtoto akaniambia nisubiri akamwite bibi. Nikasikia simu inawekwa juu ya kitu kigumu, kisha nikasikia kuku, upepo, na mtu anayetwanga kwa mbali. Taa ilikuwa imetulia, kijani kitupu.

"Wanasemaje?" mzee akaniuliza.

"Wamesema nisubiri."