Thumuni ihesabiwe mwisho

Mjane akidai shamba huku kwetu, hakosekani mtu wa kusema dini imeshamaliza mambo: mke apewe thumuni yake, sehemu moja ya nane, yaishe. Wanaosema hivyo mara nyingi ni ndugu wa marehemu, na hata hiyo thumuni hawaitoi.

Ninaye kichwani jirani yangu mmoja wa Tandahimba, mkoani Mtwara. Mumewe alifariki mwezi wa sita, mikorosho ikiwa ndiyo inapuliziwa salfa. Akakaa eda, miezi minne na siku kumi, na alipotoka minada ya korosho ilikuwa imeshaanza. Shemeji yake alishapeleka magunia chama cha msingi cha ushirika, mkulima aliyeandikwa ni yeye, na fedha zikaingia akaunti yake. Kikao cha ukoo nacho kilikuwa kimekaa barazani, mjane yuko ndani anasikiliza dirishani. (Eda haimzuii mtu kujua habari za mali yake, lakini nani alimwambia?) Alipouliza akajibiwa: "Shemeji, subiri thumuni yako, hili shamba ni la ukoo."

Jibu hilo limechota dini upande huu na mila upande ule, na kote limechota panapomfaa msemaji. Marehemu kaacha mtoto wa kiume. Katika mirathi ya Kiislamu, mtoto wa kiume akiwapo, kaka wa marehemu hana fungu, hapati hata mkorosho mmoja. Hata kama marehemu angeacha mke, mabinti wawili na kaka mmoja tu, shamba la ekari 24 lingegawanywa hivi: mjane 3, mabinti 16, kaka 5. Huyo ndiye kaka aliyebahatika. Shemeji wa jirani yangu hana bahati hiyo, ila ndiye anayeshika daftari.

Na mila je? Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua tumezoea kuhesabu ukoo kwa mama, mjomba akifa mpwa anakaa mahali pake. Siidharau mila hiyo, imelea watu wengi. Lakini mtoto wa dada hana fungu katika mirathi ya Kiislamu watoto wa marehemu wakiwapo. Mtu aliyeoa kwa sheikh, akaswali miaka yote na kuzikwa Kiislamu, iweje siku ya kugawa mali yake ndiyo awe wa kimila? Mahakama zetu nazo, zikibishaniwa sheria ipi itumike, huangalia marehemu aliishi vipi.

Ila ugomvi wangu hasa si na huyo shemeji. Ni na sisi tunaoanza hesabu kwenye thumuni. Suratun Nisaa, aya ya 12, inampa mke thumuni ya alichoacha mume kama mume ana mtoto, na robo kama hana, baada ya wasia na deni. Alichoacha mume, si kila kilichokuwa nyumbani. Kabla ya kugawa, mtu aulize: humu kipi ni cha marehemu? Mahari aliyobakiza bila kulipa ni deni, linatoka kwanza. Na mikorosho aliyoipanda mke kwa mikono yake, akaipalilia kila mwaka, akainama kuokota korosho mchana kutwa, ni ya nani? Sura hiyohiyo, aya ya 32, inasema wanawake wana fungu katika walichochuma.

Wapo masheikh watakaosema kazi ya mke bila makubaliano haimpi umiliki. Sawa, tubishane. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilikuwa la talaka, si la kifo, kwa hiyo mtu asilibebe akidhani limemaliza kila kitu. Ninachotaka ni ubishi huo ufanyike kabla ya kugawa, na mjane awepo.

Kwa Kadhi wa BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, utapigiwa hesabu ya mafungu vizuri tu, lakini upande huku wa Bara hana nguvu ya kumlazimisha mtu. Mahakama ya Mwanzo inayo. Inateua msimamizi wa mirathi, na msimamizi si mmiliki: anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, kisha hesabu ya jinsi alivyogawa. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imempa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, kwa hiyo "shamba la ukoo" si jibu la kumfungia mlango.

Jirani yangu ameshafungua mirathi, na ameomba awe msimamizi yeye mwenyewe. Shemeji analalamika mtaani kwamba ameaibishwa. Avumilie. Na fedha za magunia ya msimu uliopita, zile zilizoingia akaunti yake, ziandikwe pia kwenye orodha.